RANDAN: NENO LILILOBAKI MALTA

Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi katika semina ya kuukaribisha mwezi mtukufu wa Ramadhani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Mwenyekiti aliponiita aliniambia, "Wewe ulikwenda Ulaya, basi njoo utuhadithie." Nikamjibu sawa, lakini sitazungumza juu ya Ulaya nzima, manake Ulaya nzima sikuiona. Nitazungumza juu ya nchi moja ndogo iliyo katikati ya bahari ya Mediterania, kusini ya kisiwa cha Sicily, nayo ni Malta. Nilikaa huko tangu Februari hadi Aprili mwaka 2025 kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi.

Kwa nini nimeiona inafaa kwa semina hii? Watu wa Malta wengi wao ni Wakristo Wakatoliki. Nao wana mfungo wao, ule ambao majirani zetu Wakatoliki hapa Kenya huuita Kwaresima. Watu wa Malta hawauiti hivyo. Wao huuita Randan. Sikilizeni vizuri hilo neno, ndugu zangu. Randan. Ni Ramadhani hiyo hiyo yetu, imebaki katika ndimi za watu ambao mababu zao waliacha kuwa Waislamu karne nyingi zilizopita.

Hilo ndilo nililotaka tulitafakari leo. Lakini kwanza niwatembeze kidogo, mpate kuijua nchi yenyewe.

MALTA NI NCHI GANI

Malta ni visiwa. Vinavyokaliwa na watu ni vitatu: Malta yenyewe, Gozo, na kijisiwa cha Comino ambacho wakaazi wake ni wachache mno. Ukivikusanya vyote, nchi nzima ni kilomita 316 za mraba. Ukitaka kulinganisha, kisiwa cha Unguja ni zaidi ya mara tano ya Malta yote. Na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu zaidi ya 519,000. Kwa hivyo ni nyumba juu ya nyumba, ukuta kwa ukuta, mfano wa Mji wa Kale.

Mto wa kutiririka mwaka mzima hakuna. Sehemu kubwa ya maji yanayotoka mferejini ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo. Nyumba zajengwa kwa jiwe la rangi ya asali linalochimbwa papo hapo, na juu ya barabara zatokeza roshani za mbao zilizofungwa pande zote, mtu aweza kuchungulia nje asionekane. Nilipoziona mara ya kwanza katika mji mkuu, Valletta, nilihisi kama niko jirani na Ndia Kuu.

Mkenya hapotei sana Malta. Walitawaliwa na Waingereza kama sisi, wakapata uhuru tarehe 21 Septemba 1964, yaani miezi tisa tu baada yetu. Magari yapita kushoto. Plagi ya umeme ni ile ile yetu ya meno matatu, huna haja ya kununua adapta. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta. Waliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 na tangu 2008 wanatumia yuro, kwa hivyo anayetaka kwenda aombe viza ya Schengen, na ajiandae mfuko wake, kwa sababu bei ya chumba si mchezo.

Chakula je? Najua kina mama wanangoja hilo. Samaki wako wengi, na mkate wao ni mtamu sana. Kuna maandazi yaitwayo pastizzi, ya jibini au ya njegere, lakini Mwislamu aulize kwanza ni mafuta gani yaliyotumika katika unga. Ukiuliza kwa adabu utajibiwa kwa adabu. Kuna mqaret, vitafunio vya kukaanga vilivyojazwa tende ndani, ukivila waweza kusema vimetoka jikoni kwa bibi yako. Na kuna tamutamu ya ufuta iitwayo ħelwa tat-Tork, maana yake halua ya Mturuki. Ndiyo, ni halua! Haifanani na yetu ya Mombasa, lakini jina ni moja.

KIBAO CHA BASI

Sasa tuje kwenye lugha. Siku ya kwanza nilipopanda basi nilikuwa nasoma vibao tu. Rabat. Mdina. Marsa. Żejtun. Nikajiuliza, mimi niko Ulaya au niko Maghrib?

Kimalta kina asili ya Kiarabu. Mwaka 870 jeshi la Waislamu kutoka Ifriqiya, nchi ambayo leo ni Tunisia, liliitwaa Malta kutoka kwa Warumi wa Konstantinopoli. Mwaka 1091 Wanormani wa Sicily wakaja na kuwalazimisha watawala Waislamu watoe kodi, na baadaye nchi ikawa yao kabisa. Waislamu waliendelea kuishi hapo chini ya wafalme Wakristo kwa muda mrefu, mpaka karne ya 13 walipotolewa, na waliobaki wakabatizwa. Lakini lugha haikutoka. Ilibaki, ikachanganyika na maneno mengi ya Kisicilia, Kitaliano na Kiingereza, ikaandikwa kwa herufi za Kilatini, na leo ni moja katika lugha rasmi za Umoja wa Ulaya.

Sisi tuliosoma chuoni, tuliokalishwa mkekani tangu wadogo tukifundishwa irabu, tuna ufunguo wa lugha hiyo bila kujua. Mdina ni madina, mji. Marsa ni bandari. Żejtun ni zeituni. Kuna ufuo uitwao Għajn Tuffieħa: għajn ni ain, chemchemi, na tuffieħa ni lile tunda ambalo Kiswahili chaliita tufaha. Kuna mahekalu ya mawe ya zamani sana, yaliyojengwa kabla ya piramidi za Misri, na moja laitwa Ħaġar Qim. Nani hapa asiyejua hajar ni jiwe?

Na si Kiarabu tu. Kiswahili chenyewe chakutana nacho njiani. Wao kitabu ni ktieb. Bahari ni baħar. Tabibu ni tabib. Kanisa ni knisja. Kasisi ni qassis. Siku ya Alhamisi ni il-Ħamis, na Ijumaa ni il-Ġimgħa. Hata ile siku kuu ya Wakristo ambayo hapa kwetu huitwa Ijumaa Kuu, wao waiita il-Ġimgħa l-Kbira, maana yake ni hiyo hiyo, Ijumaa Kubwa. Mungu wamwita Alla. Mtu akikuahidi jambo asema "jekk Alla jrid", yaani Mungu akipenda. Kufunga ni sawm, saumu. Na sikukuu ya Pasaka ni l-Għid. Idi!

Basi tazameni: Randan, sawm, Għid. Maneno yote matatu ya mwezi wetu yako pale, yamekaa mahali pake kwa utaratibu ule ule. Mfungo, kujizuia, kisha sikukuu. Kilichobadilika ni ibada yenyewe.

JIWE LA MAYMUNA

Huko Gozo, ndani ya ngome ya mji wa Victoria, kuna jumba dogo la makumbusho. Kutoka kisiwa cha Malta wavuka kwa feri, mwendo wa kama dakika 25, kisha wapanda basi. Humo ndani kuna jiwe la marumaru lililochongwa kwa hati ya Kiarabu ya Kufi. Ni jiwe la kaburi la msichana aitwaye Maymuna binti Hassan. Jiwe lasema alifariki tarehe 16 Shaaban mwaka 569 Hijria, yaani Machi 1174.

Piga hesabu, kijana mwenzangu. Wanormani walikuja mwaka 1091. Maymuna alifariki miaka 83 baadaye. Maana yake ni kwamba miaka yote hiyo, chini ya utawala usiokuwa wao, Waislamu wa visiwa vile walikuwa bado wanazika kwa dini yao, wanaandika bismillahi, wanamsalia Mtume, na wanahesabu mwaka kwa Hijria. Alikufa nusu ya Shaaban, mwezi huu tulio nao sasa, na jamaa zake bila shaka walifunga Ramadhani ile wakiwa na msiba wake. Ujumbe wa lile jiwe kwa apitaye ni mfupi: hakuna mlango wala komeo linalozuia mauti.

Katika mji wa Rabat, mkabala na kuta za Mdina, nako yalichimbuliwa makaburi ya Waislamu juu ya magofu ya nyumba ya Kirumi. Kwa hivyo hatuzungumzii hadithi ya kusikia. Watu walikuwapo. Walifunga, walisali, walikufa. Kisha vizazi vichache tu baada ya Maymuna, hapakubaki wa kulisoma lile jiwe kwa Kiarabu. Lakini wajukuu waliendelea kusema Randan.

MABAYA YA PANDE MBILI

Niliwaahidi nitasema niliyoyaona, basi na nisiyafiche yasiyopendeza.

Mwaka 1530 visiwa vile walipewa mashujaa wa msalaba walioitwa Wapiganaji wa Mtakatifu Yohana. Kazi yao kubwa ilikuwa vita vya baharini dhidi ya Waislamu. Walioteka waliwafanya watumwa. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini na dola ya Uthmania walivuta makasia ya jahazi zao za vita na kubeba mawe ya kujengea ngome zao. Mwaka 1749 watumwa walipanga kuasi, njama ikagunduliwa, wengi wakauawa kwa mateso. Utumwa ule haukufutwa mpaka Napoleon alipoingia Malta mwaka 1798.

Tukisikia hayo damu yatuchemka. Lakini mwanafunzi mkweli husoma kurasa zote mbili. Mwaka 1551 Turgut Reis, amiri wa bahari wa Uthmania, alishambulia Gozo akachukua karibu watu wote wa kisiwa kile, takriban 5,000, wanaume, wanawake na watoto, wakauzwa utumwani. Nilimsikia mama mmoja wa Gozo akilitaja tukio lile kana kwamba ni la juzi. Mwaka 1565 jeshi la Uthmania likaizingira Malta kwa muda wa karibu miezi minne likashindwa, na hadi leo tarehe 8 Septemba ni sikukuu ya taifa.

Sisi watu wa pwani twayaelewa haya. Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505. Walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, Waomani wakawatoa mwaka 1698. Na sisi wenyewe tulikuwa na utumwa wetu: soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hapa pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mtu anayehesabu makosa ya jirani tu, akaruka ya nyumbani, huyo hajasoma historia.

Na Wareno walituachia nini? Meza. Leso. Bendera. Foronya. Gereza, ambalo katika lugha yao lilikuwa kanisa! Sote twaseti meza zetu na kujifunga leso zetu, wala hakuna aliyegeuka Mreno kwa sababu hiyo. Basi hapo nikaona jambo. Wareno waliondoka, maneno yao yakabaki kwetu bila dini yao. Waislamu waliondoka Malta, maneno yao yakabaki bila dini yao. Neno halimlindi mtu. Neno laweza kukaa mdomoni miaka 700, na lile lililokuwa ndani yake likawa limetoka zamani.

RANDAN NA RAMADHANI KATIKA MWEZI MMOJA

Mwaka 2025 ilitokea kwamba mifungo miwili iliandamana. Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi, na Kwaresima ikaanza Jumatano ya tarehe 5 Machi. Mimi nafunga Ramadhani, na mwenye nyumba wangu yumo katika Randan. Saa za kufunga hazikutofautiana sana na za kwetu, zilikaribia 14. Wanaofunga huko Juni ndio wenye kazi, kwani mchana wa kiangazi kwa mfungaji wakaribia saa 16.

Kuna msikiti mkubwa katika mji wa Paola, waitwa Mariam Al-Batool. Jiwe lake la msingi liliwekwa na Muammar Gaddafi wa Libya mwaka 1978, na ubavuni mwake kuna shule. Nililipenda jina lile, kwa sababu Maryam (A.S.) ni jina ambalo kila nyumba ya Malta yalijua na kuliheshimu. Jioni hapo walikaa Walibya, Wasyria, Wabangladeshi, Wasomali na Wamalta waliosilimu. Tende moja, maji, kisha sala.

Hapo nilikaa karibu na kijana mmoja Msomali. Aliposikia natoka Mombasa akanigeukia kwa Kiswahili cha Eastleigh, safi kabisa, akaniuliza habari za Nairobi mpaka magharibi ikaadhiniwa. Alipitia Sudan na Libya, akavuka kwa mashua. Sikumuuliza mengi, kwani alikuwa akifika kwenye bahari anakatisha maneno. Aliniambia jambo moja tu: "Ukirudi, waambie vijana wasidanganywe na picha. Wanaopiga picha ni waliofika."

Nami nimewafikishia. Bahari ile nilikuwa naiona kila asubuhi, bluu, imetulia, na mashua za wavuvi wa Marsaxlokk zimechorwa macho mawili kwenye omo kama jahazi zetu za Lamu. Ni bahari hiyo hiyo ambayo mnamo Aprili 2015 mashua moja ilizama na watu zaidi ya 800. Miili 24 ililetwa Malta. Walifanyiwa maziko ya pamoja, askofu na imamu wakasimama pamoja, kisha wakazikwa bila majina, kwa sababu hakuna aliyewajua. Maymuna alikufa mwaka 1174 na jina lake twalisoma. Hawa walikufa katika zama za simu na picha, na majeneza yao hayakuwa na majina. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mama fulani. Kusafiri ni kuzuri, lakini safiri kwa mlango, kwa karatasi, mama yako ajue uko wapi.

MZEE WA GOZO

Jumamosi moja nilikuwa Victoria, katika uwanja wao wa soko. Kulikuwa na mzee akiuza asali na nyanya zilizokaushwa. Akanipa kijiko cha asali nionje. Nikaweka mkono kifuani nikamwambia, "Ahsante, mzee wangu, nimefunga." Nikalitumia neno la kwao, sawm. Akashtuka. Akauliza nimefunga nini. Nikamwambia, Ramadhani. Akacheka mpaka macho yakafunga, akasema, "Na mimi niko Randan!" Kwa muda wa mfungo wake alikuwa ameacha sukari katika chai na tumbaku.

Akaniwekea kiti. Akasema maneno ambayo ningeyasikia kutoka kwa mzee yeyote wa Kibokoni. Alisema zamani Randan ilikuwa Randan, watu hawakuoa ndani yake, hawakula nyama siku zake, mlango wa jirani ulijua nani ana njaa. "Wajukuu zangu," akasema, "neno wanalijua. Ukiwauliza wamejinyima nini, wanatazama simu."

Nilimtazama yule mzee, nikasema moyoni, huyu si ndugu yangu katika imani, lakini dukuduku lake ni dukuduku la babu yangu. Aya ya 13 katika Suratul Hujurat yatufunza kwamba tofauti zetu za mataifa zimewekwa ili tujuane. Mimi na yule mzee tulijuana kwa neno moja. Nilipoondoka alinifungia chupa ndogo ya asali, akaniambia niifungue baada ya jua kuzama.

Kuna vijana wetu wakisikia Mkristo amesema "Alla" au "sawm" huanza kubishana, eti maneno ni yetu. Ndugu zangu, tusigombee maneno. Mwenyezi Mungu ni Mola wa walimwengu wote. La kugombea, kama ni kugombea, ni nani kati yetu anayeyaweka maneno yale katika vitendo.

SISI JE?

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi na turudi kwetu.

Yule mzee alisema wajukuu zake wanalijua neno. Sisi tumebakiwa na nini zaidi ya neno? Naomba tujiulize bila hasira.

Twasema "inshallah". Lakini kijana akialikwa kazi ya kufagia msikiti akasema inshallah, kila mtu ajua haji. Neno ni la imani, twalitumia kama la kukataa kwa adabu. Mzee wa Gozo akisema "jekk Alla jrid" hufika.

Twasema "Ramadhan Kareem". Twatumiana kwenye simu, na mwezi na taa, mpaka simu zajaa. Jirani mwenye mayatima yuko hatua ishirini, hana unga wa mahamri wala maharagwe, na hapati hata ujumbe. Ukarimu ndani ya neno uko wapi?

Twasema "daku". Kwa wengine wetu daku imekuwa ni kukesha barazani na karata na michezo ya simu, kisha twala, twalala, alfajiri yatupita.

Twasema "futari". Dada zetu na mama zetu wasimama jikoni tangu alasiri, kaimati, viazi vya nazi, sambusa, mkate wa sinia, na sisi wanaume twakuja kukaa tu. Wao mwezi wao wapita katika moshi. Kama futari ni thawabu, basi kuosha sinia nako si haramu kwa mwanamume.

Simwambii mtu kwamba dini yetu pwani itatoka kesho. Lakini Waislamu wa Gozo wa mwaka 1174, waliochonga lile jiwe zuri, nadhani nao hawakufikiri hivyo. Wao walitolewa kwa nguvu za wafalme, hawakuwa na hiari. Sisi hakuna mfalme anayetutoa. Misikiti iko wazi, adhana yasikika, walimu wako, serikali haitukatazi kufunga. Ikitoka kwetu, itatoka kidogo kidogo, kwa uvivu, na tutakuwa twaendelea kusema maneno yote kama kawaida. Hilo ndilo la kuogopa, kwa sababu mtu hatalijua. Masikio yatasikia Ramadhani, na nyumba itakuwa haina.

Kwa hivyo naomba mambo matatu mepesi kwa mwezi unaokuja.

La kwanza, kila kijana achague neno moja tu analolitumia kila siku, alijaze. Ukichagua inshallah, basi mwezi mzima ukisema inshallah, nenda. Ukichagua salamu, basi msalimie na yule mlinzi wa lango, na yule mama anayeuza mboga, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, usimame usikie jibu lake.

La pili, kaa na mzee mmoja, babu au bibi, jirani akiwa huna wako. Muulize Ramadhani za utotoni mwake zilikuwaje. Andika. Waliopigisha matari ya daku mitaani ni nani, zakatulfitri iligawanywaje, nani alisomesha watoto bure. Mambo haya wakiondoka wenyewe yatabaki majina matupu.

La tatu, mkipata nafasi ya kusafiri, safirini. Qurani katika Suratul Ankabut, aya ya 20, yatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame. Si lazima Malta. Nenda Lamu, nenda Pate, kaangalie magofu, usome mawe ya makaburi. Ukifika kwa watu, jifunze salamu yao kabla ya kuuliza bei. Kula kilicho halali kwako, uliza kwa upole, na usiwacheke kwa wanachokiabudu. Nilisimama barabarani Ijumaa Kuu nikawaona watu wa Malta wakipita na sanamu zao mabegani, wengine miguu mitupu, wakiburura minyororo kwa toba. Si ibada yangu. Lakini niliona watu ambao neno lao bado lina uzito miguuni, nikanyamaza kwa heshima.

Wazazi wetu, maustadhi wetu, mlitupa maneno haya tangu hatujaota meno. Bismillahi kabla ya tonge, alhamdulillahi baada yake. Tuombeeni tusiyabebe kama mzigo wa mtu mwingine.

Ewe Mola, tufikishe Ramadhani tukiwa wazima, utukubalie saumu zetu na sala zetu, uwarehemu waliotutangulia wenye majina na wasiokuwa na majina, uwalinde walio safarini nchi kavu na baharini, na usiifanye dini yetu ikawa ni maneno ya mdomoni tu. Amin.

Wabillahi tawfiq.